Kukodi Gari Katika Nchi ya Uswisi

Watu wengi hudhani kwamba nchi ya Uswisi, kwa ughali wake, haizuriki na watu wa kipato cha kadiri kama sisi. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mwaka 2024, wakati wa kiangazi, tulikwenda huko watu watano: sisi na ahali yetu, kijana wetu wa miaka 17, binti yetu wa miaka 9, na mpwa wetu aishiye London, ambaye ndiye aliyeshika usukani. Tulikodi gari kwa siku 6. Tuliyoyaona twayaweka mbele ya wasomaji wetu, khasa vijana wenye jamaa Ulaya, kwani aghlabu khasara ya msafiri hutoka katika karatasi aliyoitia sahihi bila ya kuisoma.

Neno la kwanza ni mahali pa kulichukua gari. Uwanja wa ndege wa Geneva umepakana na Ufaransa, na una pande mbili, wa Uswisi na wa Ufaransa, na kila upande una wakodishaji wake. Gari la namna moja, kwa siku zile zile, mara nyingi huwa rahisi zaidi upande wa Ufaransa. Basel nako ni hivyo hivyo, na huko uwanja wenyewe umejengwa katika ardhi ya Ufaransa. Mwenye haraka huiona tafauti ya bei akafurahi, wala hajui kwamba gari la upande wa Ufaransa kwa kawaida halina kibali cha njia kuu za Uswisi. Kibali hicho ni faranga 40 kwa mwaka. Hakiuzwi kwa siku wala kwa juma. Asiye nacho hutozwa faini ya faranga 200, na kibali akakinunua vile vile. Tangu mwaka 2023 chaweza kununuliwa kwa intaneti kwa kuandika namba ya gari. Sisi tulipiga hesabu, tukazijumlisha hizo 40, tukaona upande wa Ufaransa ungali nafuu. Lakini sharti mkataba uruhusu kuvuka mpaka, na gari lirudishwe upande lilikotoka.

Pale dawatini ndipo penye kazi. Mkodishaji huzuia fedha katika kadi ya benki ya mkodi ziwe rehani mpaka gari lirudi, na wengi wao hutaka kadi ya mkopo. Wako katika sisi wanaoiepuka kadi hiyo kwa kuogopa riba. Na waulize mapema, kabla ya kulipa chochote, kwani wako wakodishaji wanaokubali kadi ya kawaida kwa sharti la kununua bima yao kubwa. Bima ya kawaida huacha sehemu ya khasara juu ya mkodi, hatta kama jiwe la njiani ndilo lililovunja kioo. Tulipousoma mkataba tulikumbuka tuliyofundishwa katika fiqhi, kwamba kitu cha ijara ni amana mkononi mwa mkodi, wala hakilipi illa akifanya uzembe. Mkataba wa kule haukujengwa juu ya msingi huo, na mtu na ajue anaingia wapi. Karani alitusisitizia sana tununue bima ya ziada. Mpwa wetu alikuwa amekwisha kununua London bima ya kufidia sehemu ile, kwa bei ndogo mno kuliko ya karani. Basi tukamshukuru, tukalipiga gari picha pande zote, tukaondoka. Kiti cha binti yetu tulikichukua, kwani mtoto wa chini ya miaka 12 asiyefika sentimita 150 sheria humlazimu.

Wao hupita kulia. Mjini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, nje ya mji 80, njia kuu 120, na kamera hazisameheki. Mjini, kuzidisha kilomita 1 mpaka 5 ni faranga 40, 6 mpaka 10 ni 120, 11 mpaka 15 ni 250, na zaidi ya hapo ni mashtaka. Tena mkodishaji huongeza ada yake kwa kumtaja dereva kwa polisi.

Tulifuata ziwa la Geneva, tukaingia bonde la Rhône. Kwenda Zermatt gari huachwa Täsch, watu wakapanda treni. Kisha tukaupanda mlima wa Furka, mita 2,429, njia ambayo theluji huifunga miezi mingi ya mwaka. Subhanallah, hapo ndipo gari lilipolipa gharama yake, kwani tulisimama tulipotaka, tukaswali pembeni mwa njia, watoto wakaigusa theluji mwezi wa Julai. Penye wembamba, anayeteremka humrudia nyuma anayepanda. Na penye alama ya baragumu ya manjano, dereva wa basi la posta ndiye mwenye amri.

Mijini gari ni mzigo. Maegesho yenye mistari ya buluu ni bure kwa muda tu, nawe huweka kioo cha mbele kidude cha kuonyesha saa uliyofika. Asiyetaka kwenda illa Geneva, Bern na Zürich, treni inamtosha.

Chakula tulinunua katika maduka ya Migros, ambayo hayauzi ulevi. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura wakakataa uuzwe. Tukapika wenyewe. Siku ya kurudi, jaza tangi karibu na uwanja na uihifadhi risiti, kwani mafuta ya mkodishaji ni ghali kuliko ya kituo.