Sumu Isiyo na Jina

Mtu hujenga nyumba ili ajikinge na mambo mawili: ukali wa hali ya hewa na ubaya wa watu. Kwa jua na mvua huweka paa. Kwa mwizi huweka kitasa na komeo. Usiku ufikapo hufunga mlango, akalala kwa amani, akiamini kuwa hatari zote zimebaki nje. Imani hiyo ina haki yake, lakini haikukamilika. Iko hatari isiyoruka ukuta wala kuvunja dirisha. Hiyo huingia mchana kweupe kwa mlango wa mbele, imebebwa kikapuni na mwenye nyumba mwenyewe, naye ameilipia fedha. Hupewa mahali pazuri rafuni, karibu na chumvi na sukari, ikakaa hapo kama mmoja wa jamaa.

Nasema juu ya kemikali za matumizi ya kila siku: sabuni na krimu, dawa za kung'arishia nguo na kusafishia choo, vidonge vya kufukuzia nondo, na mafuta ya taa na stovu. Vitu hivi si maadui kwa asili yake. Vimepunguza kazi ya mikono yetu, vimeua vijidudu vya maradhi, na vimeangaza vyumba vilivyokuwa gizani. Neno langu ni moja tu. Sumu ambayo jina lake linajulikana ni mtumishi mwenye mkataba. Kazi yake imeandikwa na mipaka yake imewekwa. Sumu isiyo na jina ni mgeni asiyejulikana atokako, nasi tunamlaza chumba kimoja na watoto.

Mwanadamu anapokosa jina la kitu huita mashahidi. Shahidi wa kwanza ni jicho, wa pili ni pua, na wa tatu ni mazoea. Wote watatu husema kweli mara nyingi, na kwa sababu hiyo huaminiwa hata siku wanapodanganya.

Tuanze na jicho. Nilipokuwa mtoto nilikaa kwa mjomba wangu mjini Mombasa, naye alikuwa na duka dogo. Pipa la mafuta ya taa lilikuwa pembeni mwa duka, na kila jioni watu wa mtaa walikuja na chupa zao kupimiwa. Chupa zenyewe zilikuwa za soda, maana hizo ndizo zilizopatikana kwa urahisi. Siku moja katika mwaka 1976, mama mmoja jirani alikuja mbio, amembeba mwanawe wa miaka miwili, akilia, "Kaka, nisaidie! Mtoto kanywa mafuta!" Watu walikusanyika mara moja, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Huyu alisema mtoto apewe maziwa. Yule alisema atiwe kidole kooni atapike. Bibi mmoja aliyestaafu kazi ya uuguzi aliwazuia kwa sauti kali: "Msimtapishe! Mpelekeni hospitali sasa hivi!"

Bibi yule alikuwa na haki, na sababu yake yafaa kukumbukwa na kila mtu. Madhara makubwa ya mafuta ya taa hayako tumboni, bali mapafuni. Mafuta hayo ni mepesi, na huteleza njiani kuliko maji. Mtoto anapopaliwa, sehemu yake huingia katika mapafu na kuyaunguza. Anapotapishwa, mafuta hupita kooni mara ya pili, na mapafu hupata hatari maradufu. Mtoto yule alilazwa siku sita akipumua kwa taabu, kisha Mungu alimjalia akapona. Watoto wengi wa namna yake, katika nchi nyingi, hawakupona.

Kosa la mtoto lilikuwa nini? Hakuwa na kosa. Alikuwa ameona chupa ile ile siku ya sikukuu, akakumbuka utamu wake. Jicho lake lilimwambia "soda", na chupa nayo ikathibitisha. Kitu kilikuwa kimevuliwa jina lake na kuvishwa jina la kingine.

Wala jicho la mtoto si peke yake linalodanganyika. Jicho la mtu mzima hutazama kioo, likatamani ngozi nyeupe zaidi kuliko ile aliyozaliwa nayo mwenyewe. Tamaa hiyo imefanyiwa biashara kubwa, na katika baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi hutiwa zebaki. Madini haya huzuia mwili kutengeneza rangi yake ya asili, na kwa hiyo ngozi hubadilika. Mnunuzi huona mabadiliko akafurahi, lakini jicho halioni yanayotendeka ndani. Zebaki hupenya ngozi ikaingia damuni. Huharibu figo, hudhuru mishipa ya fahamu, huweza kuleta mashaka na huzuni nyingi moyoni. Ngozi yenyewe, ambayo kwa ajili yake gharama yote ilitolewa, huweza kutoka upele, madoa na makovu. Tena madhara hayakomei kwa mtumiaji. Zebaki hushika taulo na shuka, hutoa mvuke, na humfikia mtoto mchanga anayebebwa kifuani ambaye hakutaka weupe wa mtu yeyote.

Baadhi ya vifurushi vya krimu hizo huonya kwamba dawa isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Onyo hilo dogo ni ungamo kubwa, kwa sababu zebaki huila dhahabu. Wahenga walisema kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Hapa king'arishacho ni adui wa dhahabu, na mtu huvua pete kidoleni ili ailinde, akabakiza kidole.

Maji ya kuogea nayo hayapotei. Huenda mtoni na baharini, na huko zebaki hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki. Ulimwengu ulifundishwa jambo hili kwa machozi katika mji wa Minamata, nchini Japani. Kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki katika ghuba. Watu walikula samaki. Na mwaka 1956 ugonjwa wao ukatambuliwa rasmi. Walitetemeka, walipungukiwa na nuru ya macho, na wengine walikufa. Watoto walizaliwa na vilema vya akili na viungo. Kwa kumbukumbu ya mji huo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ambao uliamuru kwamba vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni visitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi baada ya mwaka 2020. Hata hivyo, amri iliyo katika karatasi haijakata mikono yote ya wachuuzi.

Pua ni shahidi wa pili. Kwa pua tunahukumu kwamba penye harufu nzuri pana usafi, na kwamba harufu kali ni alama ya dawa yenye nguvu. Hukumu hii ya pili imeleta misiba. Mtu husafisha choo. Ana chupa ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na ana nyingine ya dawa ya choo yenye asidi. Huwaza kwamba ikiwa moja husafisha, mbili zitasafisha maradufu. Huzichanganya katika ndoo moja, na mlango umefungwa. Papo hapo hutoka hewa ya klorini, ikachoma macho, koo na mapafu. Hewa hiyo ndiyo iliyoachiliwa na jeshi la Ujerumani tarehe 22 Aprili 1915, juu ya askari waliokuwa mahandakini karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, ikaua na kulemaza wengi. Silaha iliyotisha majeshi yaweza kutengenezwa pasipo kukusudia na mtu mwenye ufagio mkononi. Klorini ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa hewa nyingine mbaya. Basi kanuni ni fupi: dawa mbili za kusafishia zisichanganywe kamwe, na aliyekwisha kuzichanganya na aiache ndoo, atoke nje haraka penye hewa safi.

Shahidi wa tatu, mazoea, ni mgumu kuliko wote kumkana, kwa sababu husema kwa sauti ya wapenzi wetu. Nyanya yangu alikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake nguo za sikukuu zilitiwa vidonge vyeupe vya nafthalini ili nondo wasizile. Hata leo harufu ile kwangu ni harufu ya Idi. Lakini nafthalini si marashi. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika damu yao. Upungufu huu hurithiwa, na ni wa kawaida zaidi katika nchi zenye malaria, pwani yetu ikiwa miongoni mwake. Mtu wa namna hiyo huishi vema, na aghalabu hajui hali yake. Anapopatwa na nafthalini, chembe nyekundu za damu yake hupasuka. Mtoto mchanga akivikwa nguo au kufunikwa blanketi lililolala na vidonge hivyo, aweza kugeuka manjano na kuishiwa damu, na umanjano ukizidi hudhuru ubongo. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali haikusema kwa mafumbo. Nguo za mtoto hutaka sabuni, jua na upepo. Vidonge hivyo havimfai.

Najua jibu ambalo mazoea hutoa. Husema, "Wazee wetu walitumia vitu hivi wakaishi miaka mingi." Ni kweli, wengine waliishi. Lakini tufikiri ni nani anayetoa ushahidi huo. Waliopona husimulia, waliokufa hawana ulimi. Mtoto aliyekufa kwa ugonjwa wa manjano miaka hamsini iliyopita hakuandikiwa kwamba sanduku ndilo lililomwua. Alizikwa, na sanduku likaendelea kuheshimiwa.

Hata hivyo, nisingependa kijana yeyote atoke hapa akiiogopa kila chupa. Tabibu Paracelsus, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1493, alifundisha kwamba hapana kitu kisicho na sumu kabisa, na kwamba kinachotenga dawa na sumu ni kipimo. Chumvi kidogo hukoleza mchuzi; ikizidi sana huua. Klorini ile ile inayochoma mapafu, ikitiwa kwa kipimo katika maji ya kunywa, huangamiza vijidudu vya kipindupindu na kuokoa kijiji kizima. Elimu ya kemia ni hazina kubwa. Ubaya si kuwa na kemikali nyumbani, bali kutoijua ni ipi na yafaa kiasi gani. Kwa hiyo jina na kipimo ni ndugu mapacha, na mahali pao pa kukaa ni maandishi ya ubavuni mwa chombo.

Hapa ndipo lilipo jambo linaloumiza moyo wangu. Tajiri hununua chupa pamoja na maandishi yake. Maskini, ambaye fedha yake haitoshi chupa nzima, hupimiwa kidogo katika kichupa kitupu au karatasi ya plastiki. Hupata dawa, na maandishi hubaki dukani. Amelipia sumu akanyimwa jina. Hilo si kosa la umaskini wake, bali ni upungufu wa haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimempa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kufaa, haki ya kupewa habari za bidhaa hizo, na haki ya kulindiwa afya na usalama wake. Kifungu hicho hakikusema kwamba haki hizi ni za wanunuzi wa chupa kubwa. Mwenye duka mwema ataandika jina katika kila kichupa anachokijaza, na atakataa kutia sumu katika chombo cha kinywaji hata kama mnunuzi ndiye aliyekileta. Kalamu na kipande cha karatasi ni gharama ndogo mno mbele ya uhai.

Lakini sheria husafiri polepole, na watoto hutambaa leo. Kwa hiyo nakugeukia wewe, mwanafunzi, ambaye umefundishwa kusoma. Katika nyumba nyingi za nchi yetu wewe ndiwe msomaji mwenye macho makali kuliko wote. Unasoma tamthilia na ramani, unasoma majedwali ya elementi darasani; je, umepata kusoma rafu ya nyumbani kwenu? Itazame. Kila kilicho katika chombo cha chakula au kinywaji, nacho si chakula wala kinywaji, kiondolewe. Kila kisicho na jina kiandikwe jina, na kisichojulikana kisitumiwe. Vyenye hatari vipandishwe juu, mbali na mkono wa mtoto na mbali na unga na sukari. Wakubwa wako uwaeleze kwa adabu, si kwa kiburi cha elimu. Waambie, "Mama, hii imeandikwa hivi," kisha wasomee. Mtu aliyejinyima ili wewe uende shule hataona haya kusomewa nawe.

Wapo wanaodhani kuwa matunda ya elimu huonekana siku ya kupokea cheti. Mimi nadhani huanza kuonekana mapema zaidi, siku msomaji mmoja aandikapo neno "sumu" juu ya chupa, na mtoto asiyejua kusoma akaendelea kuishi bila kujua kwamba ameokolewa.