Karatasi ya Kuombea Nafasi

Ukipanda kutoka Nakuru kwenda Molo, msomaji, utafika Turi, penye baridi na mashamba ya viazi. Hapo pana shule ya bweni iliyoanzishwa mwaka 1931, ikateketea kwa moto mwaka 1944, ikajengwa tena kwa mikono ya Wataliani waliotekwa vitani. Nyingine, ya Gilgil, ilianza mwaka 1927. Zama za ukoloni zilikuwa za watoto wa Kizungu. Babu yako aliweza kupeleka maziwa jikoni, lakini si mtoto wake darasani. Leo mlango hauulizi rangi. Huuliza ada, nayo si haba. Wengi waisikiapo hurudi nyuma.

Aombaye nafasi katika shule za namna hii hujaza karatasi, huambatanisha ripoti za shule atokako, hupimwa Kiingereza na hesabu, kisha huhojiwa. Nilikaa na mpwa wangu alipokuwa akijaza yake. Hesabu hazikumtisha. Kilichomchelewesha siku mbili ni mahali padogo palipomtaka ajieleze. Walakini aliandika: kwamba humkamua ng'ombe wa bibi yake huko Bahati kabla ya jua kuchomoza, na kwamba achelea kuisahau lugha ya bibi huyo akienda kulala ugenini.

Dada yangu alisoma, akanyamaza kitambo. Akauliza kama maneno yale ya mwisho yafutwe, wasije wakadhani mtoto hataki shule. Nilisema yabaki. Tungali tukibishana, mtoto akaifunga bahasha.