Pasi Ambazo Sikuziandika

Kochi alinikabidhi kaunta buku na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. "Wewe si ndiye unayesoma takwimu? Nihesabie hawa wawili. Baada ya wiki mbili uniambie nani aanze."

Ilikuwa Agosti, mwaka wangu wa tatu katika chuo kimoja hapa Dodoma. Agosti ya Dodoma ni upepo na vumbi, na uwanja wetu wa kikapu ulikuwa zege tupu, wazi pande zote. Wawili wenyewe walikuwa pointi gadi wetu. Mmoja tulimwita Mpwapwa kwa sababu ndiko kwao, mwingine Singida kwa sababu hiyohiyo. Mpwapwa nilikuwa nakaa naye chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Kochi hakuniuliza habari za vyumba, nami sikumwambia.

Mtajie Mtanzania mpira wa kikapu, atakutajia Hasheem Thabeet, na ni haki: mwaka 2009, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA. Tukakua tukiamini kwamba huu ni mchezo wa warefu, na kwamba gadi ni yule aliyekosa urefu. Mimi drafti ile naikumbuka kwa jambo jingine. Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, wakachukua pointi gadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Nafasi ya saba, Golden State wakamchukua Stephen Curry. Flynn alicheza NBA misimu mitatu tu. Na waliochagua walikuwa watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wenye video na wapelelezi wa vipaji kila pembe ya Marekani. Mimi nilikuwa na kalamu mbili.

Nikachora safu zangu: asisti, mpira uliopotea, mitupo iliyoingia, mitupo iliyokosa. Bluu Mpwapwa, nyekundu Singida.

Gadi ana sekunde nane za kuuvusha mpira nusu ya uwanja, na ndani ya hizo nane unamjua mtu. Mpwapwa alizitumia tatu. Alipita katikati ya watu kama bodaboda kwenye foleni, na waliokaa kwenye ngazi za hosteli walikuwa wanasimama akishika mpira. Singida alizitumia karibu zote. Aliudunda polepole, mgongo ameupa upepo, anaita watu kwa majina, anamwonyesha huyu asogee, yule asubiri. Upepo ukizidi aliacha pasi za juu kabisa, akawa anapitisha mpira chini kwa kuudundisha mara moja. Sikuwa na safu ya jambo hilo.

Wiki ya kwanza bluu ilijaa ukurasa. Nilifurahi, sikatai.

Alhamisi ya wiki ya pili ndiyo iliyoniharibia furaha. Singida alimpa mpira kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, peke yake chini ya ringi, hana mtu wa kumzuia. Akakosa. Akampa tena, akakosa. Mara nne ndani ya robo moja, pasi safi ambazo hata mimi nisiyecheza ningezifunga, au ndivyo nilivyojidanganya. Kwenye daftari sikuandika kitu. Asisti haiandikwi mpaka mpira uingie.

Nikainua kichwa, nikaona kilichokuwa mbele yangu tangu Jumatatu ya kwanza. Mpwapwa alikuwa anafanya mazoezi na kikosi cha kwanza kila jioni. Singida alikuwa na wa akiba kila jioni. Nilikuwa nahesabu mikono ya watu wengine na kuiita asisti. Kosa hilo ni la mwaka wa pili, lilikuja hata kwenye mtihani, na nililipata. Dawa yake ilikuwa nyepesi: "Kochi, leo wabadilishane timu." Maneno manne.

Sikuyasema.

Mpwapwa hakuwahi kuniomba chochote. Usiku alikuwa ananiuliza tu kutoka juu, "Mwanangu, leo umenionaje?" Najibu, "Freshi." Bumu lilipochelewa muhula ule, yeye ndiye aliyeninunulia chipsi mayai siku nyingi kuliko ninazoweza kuzihesabu kwa heshima. Labda ni hilo. Labda pia nilipenda jinsi ukurasa wa bluu ulivyopendeza.

Kochi alivaa miwani, akapekua. "Na macho yako yanasemaje?"

"Namba ziko wazi, Kochi."

Mpwapwa akaanza, na wala hakuharibu. Ingekuwa insha rahisi kuandika kama angeharibu. Tulishinda mechi mbili za mashindano ya vyuo, tukatolewa ya tatu. Singida aliingia dakika za mwisho, akavusha mpira, akaelekeza watu kwa kidole, mechi ikaisha. Muhula uliofuata hakuja mazoezini. Alisema ana utafiti wa kumaliza.

Mwaka jana nilimkuta kwenye bonanza la Jumamosi, hapahapa Dodoma. Sote sasa ni watumishi, wenye vitambi vya kuanzia. Tulipokuwa tunafunga kamba za viatu nikamweleza yote, daftari, timu mbili, yale maneno manne. Nilidhani atacheka.

"Ile Alhamisi," akasema. "Zile nne. Uliziona?"

"Niliziona."

Akakaza fundo la kiatu cha pili, akalikaza tena. "Mimi nilidhani hakuna aliyeziona," akasema, akainuka.

Tukapangwa timu moja. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mashariki, kama kawaida yake. Alivusha mpira polepole, akaniita kwa jina, akanionyesha kona. Nikaenda. Mpira ukanifikia kwa kudunda mara moja, usawa wa kiuno, na sikuwa na mtu mbele yangu. Nikatupa, ukagonga ubao, haukugusa hata ringi.

Alirudi kukaba bila kunitazama. Tulipoupata tena mpira, akanionyesha kona ileile.