Kwanza Tafuta Nguo

Kilwa Kisiwani

Mpwa wangu,

Barua yako imefika na mama yako nimemsomea yote. Sisi huku wazima, ila kusi imekaza na wavuvi wanalalamika.

Umeniuliza huwa naanzia wapi ninapoandika. Naanza kwa kutafuta nguo.

Kisa cha kununuliwa kisiwa chetu unakijua. Kimeandikwa katika Tarehe ya Kilwa, ile ya Kiarabu ya karne ya 16. Mreno João de Barros akakitoa kwa namna yake mwaka 1552, na mwaka 1907 Mjerumani Carl Velten akachapisha masimulizi ya Kiswahili ya huku kwetu. Wasimulizi hawa hawapatani kuhusu majina wala mpangilio wa mambo, lakini nguo haikosekani kwa yeyote: mgeni alikinunua kisiwa kwa nguo. Ile ya Kiarabu imezidi utamu, maana mwenye kisiwa anataka nguo za rangi za kukizungushia kisiwa chote! Hebu pima kwa macho, kutoka Gereza mpaka Husuni Kubwa, kisha uendelee kwenye mikoko mpaka urudi ulikoanzia. Maneno waliyosemezana siku hiyo yamepotea. Nguo ipo, kwa kuwa kila anayesikia anaiona.

Basi mimi kwanza najaza daftari ovyo, bila kujali sarufi. Kisha napekua: nguo ya habari hii iko wapi? Mara nyingi nimeifukia ukurasa wa nne huko, chini ya maelezo niliyodhani ndiyo ya maana. Naitoa, naipeleka juu, na mengi yaliyokuwa yameitangulia nayafuta. Kufuta kunauma, sikufichi.

Nguo yenyewe uione kwa macho yako, tena uiandike papo hapo. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, lakini safari zake alikuja kumsimulia mwandishi huko Fez baada ya miaka zaidi ya ishirini. Akasema mji umejengwa kwa miti. Nami kila nikienda kisimani naupita Msikiti Mkuu, mawe matupu, na sehemu yake ya zamani ilikuwepo kabla ya msafiri huyo kufika. Labda alitazama mitaa ya kawaida, labda miaka ilimchanganya. Wewe tembea na daftari.

Nikimaliza, namsomea mama yako akiwa anasuka ukili. Hanisifii. Akidakia "Nani tena huyo?" najua nimeleta mtu bila kumtambulisha. Akianza kuhesabu miyaa yake, aya hiyo imekwisha kazi. Nawe tafuta wa kukusikiliza, asiwe mwandishi mwenzio. Waandishi huoneana haya.

Sasa makala yako ya mafundi wa majahazi. Aya tatu za mwanzo unatueleza umuhimu wa bahari. Nani asiyeujua? Zitoe. Anzia pale fundi anaposhindilia pamba kwenye mwanya wa mbao, halafu anagonga ubao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Pale umeandika. Ila hukutuambia alisikia nini. Rudi ukamuulize, kisha uniletee nakala kabla ya Ramadhani. Ukija, nichukulie kalamu za wino wa buluu, za hapa zinakauka upesi.

Mjomba wako