Kauri Mkononi, Konokono Majini

Twaomba radhi kwenu, wasomaji wetu, tuseme jambo ambalo tulilinyamazia kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kwa umbo ni dogo, halizidi ncha ya kidole gumba. Jambo lenyewe ni kauri.

Binti wa dada yetu mkubwa ameolewa Masinga, katika kaunti ya Machakos, na mumewe ni mwalimu, Mwislamu wa Kikamba. Walipojaaliwa mtoto wa kiume, dada yetu alisafiri kwenda kumwona mjukuu. Mkobani mwake, pamoja na halwa na leso, mlikuwamo kauri moja iliyotobolewa na kutiwa uzi mweusi. Akamfunga mtoto mkononi ili kumkinga na jicho la husuda, kama alivyofungwa yeye utotoni, na kama tulivyofungwa sisi.

Mtoto alipotimiza miaka saba walikuja Mombasa kusherehekea Idi. Alipotupa mkono tuliiona ile kauri, na uzi ulikuwa mpya. Tukaiona, tukanyamaza. Nyumba ilikuwa na wageni, na dada ndiye aliyetulea baada ya mama yetu kufariki. Tukajiambia kwamba siku ya Idi si siku ya kumvunjia mkubwa heshima. Leo twakiri kwamba ile haikuwa adabu. Ulikuwa woga.

Mwaka haukuisha, simu ikaja kutoka Masinga. "Mjomba," alisema binti yetu, "mtoto aumwa na tumbo, huu mwezi wa pili, na akienda chooni twaona damu. Mama asema ni jicho. Ametutumia kauri nyingine. Tufanyeje?" Tukamwambia asingoje, na usiku ule tukapanda basi.

Masinga ni mbali na bahari, lakini maji yapo. Bwawa lake kubwa, lililokamilika mwaka 1981, limeuzuia mto Tana ukawa ziwa katikati ya nchi kavu. Maji yanayopita hapo huteremka Garissa, hukata nyika, na mwisho humwagika katika bahari yetu kule Kipini. Jioni tulipofika tuliwaona watoto ukingoni, wengine wakiteka maji, wengine wakiogelea. Tukamuuliza mgonjwa wetu kama naye huogelea. "Kila siku, Babu, tukitoka shule." Akauinua mkono, kauri ikang'aa. "Bibi alisema hii yanilinda."

Asubuhi tulimpeleka zahanati. Mhudumu alipima choo cha mtoto, akaona mayai ya kichocho. Akatueleza kwa upole yale ambayo yapasa kujulikana na kila mama. Mgonjwa akijisaidia majini au kando ya maji, mayai ya minyoo huanguliwa humo. Vijidudu vinavyotoka humtafuta konokono mdogo wa maji baridi, huingia mwilini mwake, na humo huongezeka kwa wingi. Kisha hutoka, huogelea, na hupenya ngozi ya yeyote aliyetia mguu majini, asihisi kitu. Akiachwa bila tiba, ini lake huweza kuharibika. Mtoto akapewa vidonge vya prazikwanteli kwa kipimo cha mwili wake, na alhamdulillahi, akapona. Lakini mhudumu alionya: dawa huua minyoo iliyomo, haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini.

Njiani kurudi tuliwafikiria konokono wawili. Kauri nayo ni nyumba ya konokono, ila wa baharini. Akiwa hai, nyama yake laini hupanda pande zote mbili na kulifunika gamba kama leso, na ndiyo sababu gamba hung'aa bila kukwaruzwa na mchanga. Tunayoivaa sisi ni nyumba tupu, mwenyewe amekwisha kufa. Aliyeshindwa kujilinda mwenyewe alifungwa mkononi mwa mtoto amlinde, na konokono aliye hai alikuwa majini na madhara yake, hakuna aliyemtazama.

Hatusemi kwamba kauri haina historia. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwakuta watu wa Maldivi wakiitumia kama fedha, na baadaye akaikuta Mali, kauri 1,150 kwa dinari moja ya dhahabu. Waganda hadi leo huziita fedha ensimbi, jina la kauri. Na katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka Rabai na Mombasa na pembe za ndovu, ikapanda bara na bidhaa za pwani. Basi asiinuke mtu wa pwani kuwacheka watu wa bara kwa kuvaa kauri. Kauri hutoka ufukweni kwetu, na hii ya Masinga ilitoka nyumbani kwetu.

Wala hatukukosa elimu. Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa kwa Uqba bin Amir kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakemea wanaotundika hirizi na akaitaja wada'a kwa jina, nayo ndiyo kauri hii hii, kwani Waarabu wa kale walijikinga nayo na jicho. Jicho ni kweli, hatulikanushi. Lakini kinga tuliyofundishwa ni maneno: Mtume aliwakinga wajukuu wake, Hasan na Husein, kwa kuwaombea Mungu. Na katika mlango wa twahara tulisoma kwamba amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na kujisaidia penye maji ya watu. Tuliyahifadhi hayo tungali watoto chuoni. Hatukujua kwamba siku moja tungeyaona maana yake katika tumbo la mjukuu wetu.

Tuliporejea Mombasa tulikwenda kwa dada baada ya swala ya alasiri, peke yetu. Tulimweleza yote, hadithi na kichocho. Alisikiliza kimya, halafu akauliza: "Ile Idi, uliiona?"

Tukajibu kwamba tuliiona.

"Mimi sikusoma, mdogo wangu. Nilifanya kama alivyofanya mama. Wewe ulisoma, ukaiona, ukala biriani ukaenda zako."

Hatukuwa na jibu. Hatunalo hata sasa, ila kuomba msamaha kwa Mola wetu na kwake. Dada akachukua simu, akamwambia bintiye aukate ule uzi, amsomee mtoto Qul-a'udhu mbili asubuhi na jioni, na amzuie na bwawa. Kisha akatoa kisanduku chake cha kauri, akawapa wajukuu waliokuwa uani wachezee. Kauri si haramu kuichezea wala kuiweka kwa uzuri wake. Kosa ni kuipa kazi isiyoiweza.

Enyi akina mama, kichocho si cha Masinga pekee. Hapa Pwani, katika Kwale na bonde la Tana, kipo kile cha mkojo. Mtoto akikojoa damu, au akiiona chooni, msingoje, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Mwekeni mbali na madimbwi na maji yaliyotuama, na muwafunze wote kutumia choo. Ombeni dua, na dawa mtafute, kwani Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kisha amtegemee Mungu.

Na enyi wenzetu mliosoma, mkiona kosa katika nyumba ya mnayempenda, mwiteni kando mumwambie kwa upole, na mapema. Asiyejua huenda akapata udhuru mbele ya Mola wake. Sisi tuliojua tukanyamaza tutasema nini?

Ewe Mola wetu, tukingie watoto wetu na shari ya kila chenye madhara, tunachokiona na tusichokiona, na utupe ulimi wa kusema haki kwa wakati wake. Amin.