Foleni ya Kitubio, Kibeho

Ukivuka daraja la Rusumo, basi linahama upande wa kushoto wa barabara na kushika kulia. Hapo mahujaji wa jimbo la Rulenge-Ngara tunajua tumeingia Rwanda. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, alianzisha rozari papo hapo, tukaisali mpaka Kayonza.

Sikuwa nimewahi kufika Kibeho. Nilikuwa na kinyongo cha shamba na ndugu yangu wa tumbo moja, na usiku kishawishi cha kumlipizia kilinijia na mpango kamili: nimwone nani, nitoe shilingi ngapi, jiwe lipi la mpaka lihamishwe. Nilikwenda kumwomba Mungu huruma kabla mkono haujafuata moyo.

Kigali tulipita tu. Baada ya Huye barabara inapanda katikati ya mashamba ya chai ya Nyaruguru, baridi inaingia mifupani, na ukungu unafunika mabonde hata mchana. Huko Kibeho ndiko, tarehe 28 Novemba 1981, katika bwalo la chakula la shule ya sekondari, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema amemwona Bikira Maria. Baadaye Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango nao wakasema hivyo hivyo. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro aliukubali ushuhuda wa hao watatu mwaka 2001. Kiini cha ujumbe wao ni toba: tubuni, tena msali bila unafiki.

Aliyenigusa kuliko wote ni Marie Claire. Mwanzoni alimkejeli Alphonsine waziwazi. Kisha yeye ndiye akapewa kazi ya kueneza Rozari ya Mateso Saba. Ina mafungu saba, kila fungu Salamu Maria saba, kuanzia utabiri wa Simeoni hadi Yesu kuzikwa. Marie Claire aliuawa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari.

Kanisa la parokia haliko mbali na mahali pa hija. Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia humo waliuawa kwa maelfu. Leo misa inasomwa humo, na ukumbusho wa marehemu uko pembeni yake. Nilisimama pale nikashindwa kusali. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa, na walikuwa majirani. Tena Agosti 1982 wasichana wale walikuwa wamesimulia, huku wakilia, maono ya damu, ya watu wanaouana, na maiti zisizo na wa kuzizika. Watu walisikia, kisha wakarudi makwao. Naamini mahali hapa pananyima nafasi yeyote anayetaka kuomba huruma kwa jumla jumla. Dhambi iliyofanyika hapa ilikuwa na majina, na chuki yake ilianza ndani ya mioyo ya watu wa kawaida, kidogo kidogo, kama yangu.

Foleni ya kitubio ilikuwa ndefu. Padre aliyeungamisha kwa Kiswahili alikaa kwenye kiti cha plastiki, stola ya zambarau juu ya sweta nzito, sikio limeinama kwa anayeungama. Mbele yangu bibi mmoja alipiga magoti muda mrefu. Alipoinuka alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanipisha bila kunitazama.

Nilianza kwa maneno mengi. Padre aliniacha, kisha akauliza, "Ndugu yako anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Nyumbani tulikuwa tumezoea kumwita "yule". Nikamtaja.

"Sasa sema dhambi yako juu yake, mwanangu. Ya kwake ataisema mwenyewe."

Nikaisema. Akanieleza kwamba kujaribiwa peke yake si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa jangwani. "Lakini huyu mgeni wako umempa kiti, umempakulia na chakula kila usiku." Malipizi aliyonipa ni kusali Rozari ya Mateso Saba kwa ajili ya ndugu yangu, nikimtaja kwa jina. Kisha akanyoosha mkono akaniondolea dhambi. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa, nikapokelewa.

Kishawishi hakikubaki Kibeho. Kilinirudia ndani ya basi, usiku, tukikaribia mpaka, na mpango ule ule, bei ile ile. Nikamtaja ndugu yangu, nikaanza teso la kwanza. Usiku mwingine namaliza la saba na hasira bado ipo, naanza upya. Sitaki tena kuilisha, na neema ya kutotaka naijua imetoka wapi.

Shauri la shamba bado liko kwenye baraza la kata. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo amekubali kunisindikiza kwa ndugu yangu Jumamosi hii, baada ya sala.