Makelele ya Jirani Hupita Wapi?

Katika miji yetu watu wengi hukaa ukuta kwa ukuta, na wengine sakafu ya mmoja ndiyo dari ya mwenzake. Ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakupa pole. Mtu asiyewahi kukaa namna hiyo hudhani ya kuwa makelele ni jambo la adabu tu: jirani mwema hutulia, jirani mbaya hupiga kelele. Sisi tunaokaa katika nyumba ya ghorofa hapa Lubumbashi tumeona ya kuwa sivyo. Jirani zetu ni watu wema. Lakini wanaishi, na kuishi kuna mlio.

Nyumba yetu iko ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na watoto watatu ndani yake. Mmoja wetu ni muuguzi. Hufanya kazi ya usiku penye wodi ya wazazi, akarudi saa 2 asubuhi, na saa hiyo ndiyo mwanzo wa usiku wake. Kwa mtu wa kazi hiyo usingizi si anasa. Muuguzi aliyekesha usiku watatu pasipo kulala mchana aweza kusoma vibaya kipimo cha dawa, na atakayelipa ni mama mwingine aliyelala kitandani, wala hatajua kwa nini. Ndiyo sababu tulilitazama jambo hili kama jambo la kazi, siyo la raha.

Makelele yetu yalikuwa ya namna mbili. Upande wa kushoto anakaa baba mmoja anayependa televisheni, tena masikio yake yamechoka kidogo kwa ajili ya miaka mingi karibu na mashine za kiwanda. Juu yetu anakaa mama mjane anayelisha watoto wanne kwa kutwanga sombe ya kuuza. Majani humfikia alfajiri, na wanunuzi wanataka sombe iliyokwisha kutwangwa kabla ya adhuhuri. Basi kati ya saa 11 ya alfajiri na saa 5, mchi ulikuwa ukianguka juu ya kichwa cha mtu aliyetoka kazini.

Mashauri hayakukosekana. Wengi walituambia tukusanye zile karatasi ngumu za kupangia mayai, tuzigandishe ukutani kama walivyofanya vijana fulani katika chumba chao cha kurekodi nyimbo. Wengine walisema sponji ya godoro, au mapazia mazito. Watu hao hawakudanganya kwa kusudi, ila wamechanganya mambo mawili ambayo hayafanani.

Tuwaeleze kwa kisa cha kweli. Mwaka 1895, penye Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwalimu kijana wa fizikia aliyeitwa Wallace Clement Sabine aliombwa kuponya ukumbi ambamo wanafunzi hawakuelewa maneno ya mwalimu. Neno moja lilidumu kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5, hata likafunika yale yaliyolifuata. Sabine alifanya kazi yake usiku, wakati mji umenyamaza. Yeye na wasaidizi wake waliazima mito ya viti vya ukumbi mwingine, wakaileta ndani kidogo kidogo, huku wakipima kila mara muda ambao mlio ulichukua mpaka kufa. Mito ilipozidi, mvumo ulipungua. Kwa njia hiyo alipata kanuni ambayo mafundi wa kumbi hutumia hata leo.

Lakini angalieni vema: mito ile iliponya mwangwi ndani ya chumba kilekile. Haikuzuia sauti isipite kwenda chumba cha pili. Kitu laini chenye matundu madogo humeza mwangwi kwa sababu hewa huingia ndani yake. Na kwa sababu hiyohiyo sauti hupenya. Mkipuliza hewa katika kitambaa nayo ikapita, sauti pia itapita. Kinachozuia sauti ya jirani ni kitu kizito kisicho na mwanya. Karatasi ya mayai si nzito, tena ina hatari ya kushika moto. Hatukuileta nyumbani.

Tuanze na televisheni. Sauti yake husafiri hewani, ikapiga ukuta, nao ukuta hutikisika kidogo na kuisukuma hewa ya upande wetu. Ukuta ukiwa mzito, hutikisika kidogo zaidi. Wataalamu hupima nguvu ya sauti kwa desibeli. Watu wawili wanaozungumza kwa upole hufika karibu 60. Televisheni ya mzee wetu tuseme 70. Ukuta wa tofali moja uliopigwa simenti pande zote mbili hupunguza kama desibeli 40 au 45. Kwa hesabu ya haraka, kwetu zingefika 25 au 30. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri ya kuwa makelele yasiyokatika ndani ya chumba cha kulala yasizidi desibeli 30. Maana yake, ukuta wetu ulitosha! Hata hivyo tulikuwa tukisikia habari za saa 3, neno kwa neno.

Fundi mwashi mmoja alitaka kutujengea ukuta wa pili. Tulimshukuru, tukakataa. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapata desibeli 6 hivi tu, na sikio la mwanadamu lataka kama 10 ndipo likubali kwamba mlio umepungua nusu. Tena sakafu ya ghorofa haikuhesabiwa kubeba mzigo wa matofali ya kila mpangaji anayekosa usingizi.

Tukautafuta mwanya. Jioni moja watoto walikatazwa kusema, kazi ngumu kuliko zote tunazozisimulia hapa, nasi tukapitisha sikio ukutani hatua kwa hatua, tukigonga kwa kidole. Chini ukuta ulijibu kwa sauti kavu ya tofali. Juu, karibu na dari, ulijibu kama sanduku tupu. Tulipokwangua rangi tuliona mstari wa matofali yenye matundu, yale ya kupitisha hewa. Mpangaji wa zamani alikuwa ameyajaza magazeti na kupaka rangi juu yake. Macho yaliona ukuta. Sauti iliona mlango.

Tundu dogo laweza nini? Hesabu yake yashangaza. Ikiwa sehemu 1 katika 100 ya ukuta ni wazi, ukuta wote, hata uwe mnene namna gani, hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20. Katika ukuta wa mita 10 za mraba, sehemu hiyo ni mraba wenye upande wa sentimeta 32 hivi, na matundu yetu yote pamoja yalikaribia hapo. Basi zile desibeli 70 zilitufikia kama 50.

Tulibisha hodi kwa jirani, kwa sababu matundu yana pande mbili. «Baba,» tukamwambia, «tunataka kuziba juu ya ukuta, na fundi angependa kuingia kwako pia.» Alicheka sana. «Karibuni, wanangu. Mimi nami nimechoka kusikia ninyi mkihesabu fedha za mwisho wa mwezi.» Hatukujua tucheke au tuone haya. Fundi akatoa magazeti yote, akajaza matundu kwa vipande vya matofali na simenti mpaka ndani kabisa, akalainisha pande zote mbili. Akaziba vilevile mzunguko wa bomba la maji lililopita ukutani. Sisi wenyewe tulikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, tukaupigilia chini ya mlango wa ukumbini, ambapo mwanya ulitosha kupitisha kidole. Simenti haikumaliza nusu ya mfuko. Sasa twasikia kwamba televisheni inasema, lakini hatujui inasema nini, na hilo latosha kumwacha mtu alale. Maneno yanayoeleweka huamsha kuliko mvumo usio na maana.

Hapa twawaomba mama na baba wa nyumba watusikilize kwa makini. Anayeziba njia za sauti anaziba pia njia za hewa. Matundu yale ya zamani hayakuwekwa bure. Mbabula ya makala hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala pasipo kuwaamsha. Kabla ya kuziba tundu lolote, mbabula itoke ndani. Sisi tunapika barazani, hata wakati wa mvua, na dirisha la upande wa nyuma, ambako hakuna jirani, huachwa wazi kidogo mchana na usiku. Kama nyumba yenu haina pengine pa kupikia wala dirisha la namna hiyo, acheni matundu yabaki wazi, mvumilie televisheni.

Kinu kilikuwa jambo jingine kabisa. Mchi haupigi hewa. Unapiga jengo lenyewe. Sakafu ya zege ni nzito na huzuia vema sauti za watu, hata hatujawahi kusikia mama yule akisema na watoto wake. Lakini pigo la kinu huingia ndani ya zege, likatembea mpaka kuta zote, na kila ukuta ukawa kama ngozi ya ngoma. Kwa hiyo hata dari ya pili chini yake, ya mbao na misumari, ingesaidia kidogo tu kwa gharama kubwa, maana mlio ungeshuka kwa kuta za pembeni. Dawa ya pigo huwekwa mahali linapozaliwa.

Maana yake ilikuwa kupanda ngazi. Tulikwenda saa 10 ya alasiri, saa ambayo mama mwenyewe hupumzika. Hatukumwomba aache kazi. Ni nani angelisha wale wanne? Saa pia hazibadiliki, kwa sababu soko halibadiliki, na uani hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto mdogo. Tulimwuliza tu kama tungeweza kujaribu kitu chini ya kinu chake. Alitutazama kwa muda, akasema, «Mama muuguzi, wewe ndiwe ulipokea mtoto wa dada yangu. Jaribuni.»

Sponji ya godoro, ambayo watoto wake walileta kwa furaha, ilibanwa ikawa nyembamba kama nguo, na pigo likapita lote. Mkeka wa mpira chini ya kinu kizima ulisaidia kidogo, kwani mpira uliotandazwa pote huwa mgumu. Mwishoni tulikata ubao mzito, mpana kuliko kinu, na chini ya pembe zake nne tukaweka mpira wa tairi uliokunjwa mara nne, vipande vidogo kama kiganja cha mtoto. Mzigo ukikaa juu ya sehemu ndogo, mpira hupata nafasi ya kucheza kama kitanda cha springi. Mmoja wetu alitwanga juu, mwingine akasikiliza chini, na watoto wa nyumba zote mbili wakapeleka habari kwa ngazi: «Amesema bado!» «Amesema afadhali!» Kinu kikahamishwa pia, kikatoka juu ya kitanda chetu, kikawekwa juu ya jiko letu.

Mchi wasikika hata leo. Ulikuwa ukigonga kichwani. Sasa ni kama mtu anayetembea peku mbali. Muuguzi wetu hulala mpaka saa 7 mchana, isipokuwa siku za jenereta za barabarani, ambazo hakuna ubao wala simenti yetu inayoziweza. Mpira wa pembe moja huchakaa upesi kuliko mingine, ile iliyo upande anaosimama mama. Umeme ukikatika nasi tukaanza kusikia pigo tena, kijana wetu mkubwa hupanda na kipande kipya, akashuka na bakuli la sombe.